Salamu Zilizopitia Ulaya

Tulipomzika Naserian, nje kidogo ya mji wa Kajiado, mwendesha ratiba alinitambulisha kwa waombolezaji kama rafiki wa marehemu kutoka upande wa kompyuta. Akanipa kipaza sauti na kuninong'oneza nifanye haraka, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Namanga. Mimi si mtu wa kompyuta. Nilisomea fasihi, na hadi leo simu yangu ikikwama huwa naizima na kuiwasha, kisha namwita binti yangu. Lakini nilipolitazama lile hema, na viti vya plastiki, na akina mama waliojifunga shuka nyekundu juu ya sare za kanisa, niligundua kwamba kitu pekee nilichotaka kusema juu ya Naserian kilihusu namna kampuni ndogo ya intaneti inavyochagua njia za kupitishia data. Hilo si jambo la kusemwa kando ya kaburi. Nikasema alikuwa mchapakazi, mcheshi na mcha Mungu, maneno yanayomfaa mtu yeyote ndani ya jeneza lolote. Watu wakaitika amina, nikaketi. Mwanamume aliyekaa kando yangu alinipongeza kwa kuwa mfupi. Yale ambayo sikuyasema nayasema hapa, ambapo hakuna anayetazama mawingu.

Mwaka ninaoukumbuka, Naserian alikuwa na kampuni ya intaneti Kitengela, nami nilikuwa na shahada. Kampuni yake ilikuwa na mlingoti, wateja wa nyumba za kupanga, maduka kadhaa na shule moja ya msingi. Shahada yangu haikuwa na mteja hata mmoja. Tulikuwa tumesoma pamoja sekondari, yeye akikaa mbele na mimi nyuma, na nadhani aliniajiri kwa huruma, ingawa mwenyewe alilieleza jambo hilo kwa heshima zaidi. "Wewe uko na maneno, Prof," aliniambia. "Mimi niko na waya. Hao watu wakipiga simu hawataki waya, wanataka maneno." Basi kazi yangu ikawa kuomba radhi. Niliomba radhi kwa simu, kwa ujumbe mfupi, na mara nyingine ana kwa ana mlangoni, mbele ya mama aliyeshika mwiko na kuniuliza kama ugali wake nao ungoje mpaka intaneti irudi. Niliomba radhi kwa Kiswahili sanifu kiasi kwamba baadhi ya wateja walisahau walichokuwa wamekasirikia.

Ofisi ilikuwa juu ya buchari, chumba kimoja kilichogawanywa kwa ukuta wa plaiwudi. Upande mmoja nilikaa mimi na simu. Upande wa pili alikaa Naserian na mitambo, ambayo ilitoa joto na mngurumo kama friji kuukuu. Shoka la mwuza nyama lilikuwa likigonga mfupa chini yetu, na kila pigo kalamu zilicheza mezani. Nguo zangu zote za mwaka ule zilinuka mafuta ya mbuzi. Mchana tulikula supu ya mifupa na chapati kwa jirani, na mara nyingi aliungana nasi Baba Shiro, mwenye duka la mabati na saruji ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa ametia pesa zake kwenye kampuni bila kuelewa hata kidogo inafanya nini. Alikuja na parachichi kwenye mfuko wa koti, kutoka shambani kwao Murang'a, akalikata juu ya boksi la ruta na kutugawia kwa ncha ya kisu. "Kula, Prof. Umekonda kama waya wako wa shilingi mia mbili." Kikuyu ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, lakini miaka ya kuwauzia watu mabati ya maboma ilikuwa imemfunza Kimaasai cha kutosha kukataa mkopo.

Plaiwudi haizuii sauti. Ndivyo nilivyojua habari za baba yake Naserian. Mzee alikuwa Kajiado, kwa kaka yake Naserian, na mke wa kaka huyo, Mama Leshan, ndiye aliyemtunza. Alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni alisahau mahali alipoweka fimbo. Baadaye akawa anauliza habari za ng'ombe waliokufa katika ukame wa zamani sana. Naserian alikwenda kumwona kila Jumapili, lakini Jumapili hazikumtosha tena mzee. Akikaa siku chache bila kumwona, alimpoteza. Kwa hiyo kila jioni, kabla hatujafunga ofisi, Mama Leshan alimwekea mzee tableti mbele yake, na Naserian akampigia simu ya video kwa mfumo mdogo alioutengeneza mwenyewe, usiopitia kwa zile kampuni kubwa za simu za video, ili picha iwe safi. Picha ilikuwa safi. Shida ilikuwa kuchelewa.

Sijui kama msomaji amewahi kuwasikia Wamaasai wakisalimiana vizuri. Mkubwa ndiye huanza. Mzee humwambia mwanamke, "Takwenya!" naye hujibu papo hapo, "Iko!" na jibu hilo lazima liangukie pale pale salamu ilipoishia, kama kiganja kwenye kiganja. Ndipo habari zifuate, za watoto, za mifugo, za mvua, kila swali na jibu lake, upesi, bila pengo. Sasa chukua salamu hiyo uicheleweshe kidogo tu, muda wa mtu kupepesa macho mara moja au mbili. Mzee alisema "Takwenya." Kimya. Akafikiri hakusikika, akasema tena, "Takwenya," na katikati ya hiyo ya pili ikamfikia "Iko" ya ile ya kwanza. Akasita. Naserian naye akasita kumpisha. Kisha wote wawili wakasema kwa pamoja, wote wawili wakanyamaza kwa pamoja. Kutoka upande wangu wa plaiwudi nilimsikia Mama Leshan akitafsiri ghadhabu ya mzee kwa Kiswahili, nadhani ili ipungue makali: "Anauliza ni nani huyu msichana mwenye madharau. Anasalimiwa na hajibu."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia. Anasema binti yake hana madharau."

Kuna jioni moja laini ilitulia, salamu ikapita bila kugongana, na Naserian, kwa furaha, akainamisha kichwa mbele ya kioo, kama mtoto anavyomwinamia mzee ili aguswe utosini. Kule Kajiado mzee alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake chote juu ya tableti. Skrini ya Naserian ikawa nyeusi, kisha simu ikakatika. Alikuwa amegusa kitufe chekundu. Alicheka mpaka nikaenda kuchungulia. "Nimebarikiwa nikakatwa, Prof," alisema, akijifuta macho. Alipiga tena, lakini mzee alikuwa tayari ameridhika na kwenda kulala.

Siku iliyofuata nilimkuta akiitazama orodha ya mistari kwenye kompyuta yake, akaniita. Alikuwa ameuliza mitambo imwonyeshe njia ambayo sauti yake ilipitia kutoka Kitengela hadi Kajiado. Kwa gari, ni kushuka tu ile barabara ya Namanga, unapita Isinya, umefika kabla abiria hajamaliza njugu zake. Sauti ya Naserian haikushuka barabara hiyo. Ilienda Nairobi, ikaenda Mombasa, ikazama baharini, ikaibukia Ulaya, ikafika London, ikageuka, ikarudi njia yote hiyo mpaka Nairobi tena, na ndipo ikateremka Kajiado. Kampuni kubwa iliyotuuzia sisi intaneti na ile iliyowauzia watu wa Kajiado zilikuwa zimekosana, hazikubadilishana chochote hapa nchini. Zilikutana ughaibuni tu, kama ndugu wawili wenye kesi ya shamba ambao huonana tu kwenye harusi za watu wengine. "Mimi sijawahi kupanda ndege," Naserian alisema. "Lakini sauti yangu inaenda London kila jioni kumsalimia papa wangu."

Hapo ndipo lilipoanza lile suala la kuchagua. Kampuni ilikuwa imekua kidogo, na mfuko uliruhusu tuongeze njia moja; moja tu. Njia ya kwanza ingekuwa kununua laini ya pili kutoka kwa kampuni nyingine kubwa, ili tingatinga likikata kebo ya faiba ya hii ya sasa karibu na Athi River, kama lilivyofanya mara kwa mara, wateja wabaki hewani kupitia ile. Njia nyingine ingekuwa laini ya kwenda mahali fulani Nairobi ambapo kampuni za intaneti, kubwa na ndogo, huja na kubadilishana data ana kwa ana bila kumpitia dalali; Naserian alipaita sokoni. Huko tungekutana na ile kampuni ya Kajiado uso kwa uso, na London ingebaki huko iliko. Lakini soko halikuokoi faiba yako kuu ikikatwa. Baba Shiro, ambaye wateja walimfuata mpaka dukani kumlalamikia huku wakinunua misumari, alitaka laini ya pili. Naserian alitaka soko. Alitetea soko kwa sababu za biashara, nazo zilikuwa za kweli: video zingefunguka haraka, tungepunguza kumtegemea mkubwa mmoja. Baba yake hakumtaja hata mara moja.

Baba Shiro alisema hawezi kuamua kitu asichokielewa, akaagiza niandike maelezo kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo kazi pekee ya kitaaluma niliyopewa mwaka ule, na niliipokea kama mtu aliyeteuliwa balozi. Niliandika kurasa nyingi. Nililinganisha data na mto unaotafuta bahari, na ruta inayoielekeza na mlinzi wa lango la jiji la kale. Naserian alisoma akisimama, akinywa chai. "Toa mto," alisema. Akasoma zaidi. "Na huyu askari wa lango, yeye hulipwa na nani? Mtoe pia." Tulibaki na ukurasa mmoja. Ndani yake nilieleza kwamba tutapata nambari yetu wenyewe ya kujitambulisha duniani, na kwamba kila mtandao huwatangazia majirani wake njia zake: watu wangu wako huku, anayewataka apitie kwangu. Nilijivunia sentensi hiyo. Baba Shiro aliusoma ukurasa ule dukani, kati ya wateja, na alasiri akapanda ngazi akiwa na uso wa mtu aliyeshughulikia mambo.

"Hiyo ya kutangaza njia nimemaliza," alisema. "Niko na binamu kwa redio ya Kikuyu. Atatuwekea tangazo asubuhi, kabla ya yale ya vifo. Lakini nimemwambia ataje na mabati."

Nilimtazama Naserian. Yeye aliitazama sakafu kwa muda mrefu, mabega yakitikisika. "Baba Shiro," alisema hatimaye, "hiyo ni tangazo ya mashine kwa mashine."

"Mashine inasikiliza redio gani?"

Leo nikiifikiria naona hakuwa mbali sana na ukweli. Mtandao wote wa dunia umesimama juu ya kuambiana tu: jirani anamwambia jirani mahali mtu anapopatikana, naye anamwambia mwingine, na hakuna ofisi kuu inayohakikisha. Ni kama mazishi. Hakuna aliyenitumia barua kunijulisha kifo cha Naserian. Nilisikia kutoka kwa aliyesikia, nikaamini, nikapanda gari. Lakini siku ile tulicheka mpaka mwuza nyama akagonga dari kwa mpini wa shoka kuuliza kama tuko salama.

Nilichoandika hakikumshawishi Baba Shiro. Wiki iliyofuata alipanda jioni akiwa na mfuko wa nyama iliyofungwa kwa gazeti, akitaka tumwambie mara moja ya mwisho kwa nini tusichukue laini ya pili kama watu wenye akili. Naserian alikuwa upande wa pili wa plaiwudi, kwenye simu. Nilimwonyesha Baba Shiro kiti, naye akakaa, mfuko magotini. Tulimsikia mzee akisalimia, kimya, akisalimia tena, na majibu yakigongana naye. Halafu mzee alisema jambo refu kwa sauti ya chini, isiyo na hasira. Mimi sikuelewa neno. Baba Shiro aliinamisha kichwa, akawa anausawazisha ule mfuko wa nyama kwa viganja, ingawa haukuhitaji kusawazishwa. Simu ilipoisha Naserian alitokea, akamkuta.

"Umekuja saa ngapi?"

"Sasa hivi." Damu ya nyama ilikuwa imelowesha gazeti mpaka kwenye suruali yake. "Chukua hiyo ya soko."

"Ulisema laini ya pili ndiyo ya maana kwa biashara."

"Na wewe ulisema soko ndiyo ya biashara."

"Ni ya biashara."

"Sawa basi. Ni ya biashara." Aliweka nyama mezani, akashuka ngazi.

Alinieleza baadaye, kwa sababu nilimsumbua, alichokuwa amesema mzee: kwamba mtu huyu aliye ndani ya kioo amechoka naye, ndiyo maana hujibu polepole, kwa hiyo asilazimishwe tena kuongea. Baba Shiro alinieleza hivyo akihesabu vipande vya mbao kwa mteja, na alipomaliza akaanza kuhesabu upya.

Kuchagua ni kazi ya siku moja; kuifanya njia iwepo ni kitu kingine. Tuliomba nambari, tukaambiwa tungoje. Tuliomba ruhusa ya kufunga kisahani cha mawimbi juu ya jengo la mtu, na mtu huyo akasafiri. Mvua za masika zilifika, Kitengela ikawa tope jeusi linalovua watu viatu, na fundi hakuweza kupanda mlingotini. Naserian aliendelea kupiga simu kila jioni. Nilisikia njia ya zamani ikizidi kumtenga na baba yake. Alikuwa ameacha kungoja salamu; sasa alianza kwa kujitaja: "Papa, ni Naserian." Kimya. "Naserian, papa. Naserian." Na kule, baada ya safari yote ile ya baharini, mzee akamuuliza Mama Leshan nani anapiga kelele.

Miezi hiyo Naserian alinifunza jambo moja ambalo nimelibeba kuliko yote niliyofunzwa chuoni. Mtandao hauhesabu kilomita. Unahesabu mikono, yaani idadi ya kampuni ambazo ujumbe utapita; njia yenye mikono michache ndiyo huonekana karibu. Sasa ukiwa na njia mbili, na hutaki watu wakufuate kwa ile ndefu, huwezi kuwakataza. Unachofanya ni kujitangaza kwenye njia hiyo ukirudia nambari yako mwenyewe: sisi, kupitia sisi, kupitia sisi. Wanaosikia hudhani kuna mikono mingi njiani, wakakwepa. "Kwa hiyo ukijitaja sana," nilimuuliza, "ndivyo unavyoonekana uko mbali?" Alikuwa akiandika maagizo hayo kwa ajili ya siku ya kuhamia. "Ndiyo hivyo," alisema, na vidole vyake vikasimama juu ya vibonye. Nilidhani anafikiria ufundi. Mimi nilikuwa nikifikiria waandishi ninaowajua, na kujipongeza kwa kejeli hiyo. Niliitumia katika insha mbili.

Njia ya soko ilifunguka alasiri moja baada ya mvua kwisha. Sitajifanya kwamba ilituokoa. Kabla mwaka haujageuka faiba kuu ilikatwa, hatukuwa na laini ya pili, wateja walikaa gizani siku kadhaa na wengi hawakurudi, hata kwa Kiswahili changu. Kampuni ilidhoofika, ikanunuliwa na wakubwa, na Naserian akaenda kuwafanyia kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa. Baba Shiro alipoteza alichotia na hakuwahi kumlaumu mbele yangu. Mazishini alikuwa amekaa mstari wa mbele, pamoja na familia, amevaa lile lile koti.

Lakini alasiri ile hatukuyajua hayo. Naserian aliuliza mitambo tena imwonyeshe njia ya Kajiado, na mistari ilikuwa michache mno, nikadhani kuna iliyofichwa: Kitengela, Nairobi, Kajiado. Jua lilikuwa bado liko juu. Hakungoja jioni. Baba Shiro alikuwa amepanda kuona alichonunua, tukasimama wawili kwenye pengo la plaiwudi, yeye akinukia saruji. Kwenye skrini mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, blanketi mabegani, na nyuma yake Mama Leshan akianika nguo. Aliinua macho, akaliona lile umbo la mwanamke ndani ya kioo.

"Takwenya!"

"Iko!"

Liliangukia pale pale. Mzee akashtuka, kisha akatabasamu kwa meno aliyobaki nayo, akakaa wima. Akauliza, akajibiwa, akauliza tena, akajibiwa, haraka zaidi, sauti yake ikipanda na kushuka kama ya mtu mnadani siku ya bei nzuri. Baba Shiro alininong'oneza maana sikioni. "Anauliza watoto. Anauliza mvua imenyesha wapi. Anauliza ng'ombe wana nyasi." Naserian alijibu kila swali bila kukosea pigo, na sikuwahi kumwona amenyooka mgongo namna ile. Mzee akacheka, akamgeukia Mama Leshan, akamwambia kitu huku akielekeza kidole kwenye tableti. Kisha akamrudia Naserian na kumwuliza jambo kwa upole.

Baba Shiro aliondoa mdomo sikioni mwangu.

"Amesema nini?" niliuliza.

Alikuwa akitazama mgongo wa Naserian. "Anasema huyu msichana amefunzwa adabu. Anamuuliza ni wa boma gani."

Naserian alikawia kidogo, na safari hii kukawia kulikuwa kwake mwenyewe. Akajibu kwa sauti ya kawaida. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tena neno, refu kidogo, akiinua mkono kama mtu anayeaga wageni.

"Na sasa?"

"Anasema akirudi nyumbani amsalimie baba yake. Amwambie amelea vizuri."

"Naye Naserian?"

Baba Shiro alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Amesema salamu zitafika."